Sura ya Sita: Sili za Jeki katika Nchi ya Vumbi Jekundu

Nguvu yote ya kijiko kidogo cha kupakia, kile cha magurudumu manne ambacho watu wengi hukiita Bobcat hata kikiwa kimeundwa na kiwanda kingine, imewekwa amana katika pete chache laini za mpira na plastiki ambazo mtu aweza kuzifumbata zote katika kiganja kimoja. Injini yaweza kuwa nzima, pampu yaweza kuwa mpya, na mikono ya chuma yaweza kuwa haijapata ufa hata mmoja; lakini pete hizo zikichakaa, mkono hauinuki na mzigo, na ukiinuka haukai, na oili iliyonunuliwa kwa thamani kubwa hudondoka ardhini siku nzima. Pete hizo ndizo sili za jeki. Sura hii inakusudia kueleza namna zinavyofanya kazi, kwa nini aghalabu hufa kabla ya wakati wake, na namna ya kuzibadilisha kwa adabu inayostahiki, hususan katika wilaya za Ngara na Biharamulo, ambako udongo, mvua na umbali vimeipa kazi hii masharti yake.

Neno kubwa ninalotaka msomaji aondoke nalo nitalisema mapema, ili yote yatakayofuata yapimwe kwalo: sili haichakai pasipo sababu, na fundi anayetoa ya zamani na kutia mpya bila kuiuliza ile ya zamani imekufa kwa nini, amemfukuza shahidi na kumwacha mkosaji ndani ya jeki.

Wilaya hizi mbili zilizopakana, Ngara katika vilima vyake vinavyotazamana na Rwanda na Burundi, na Biharamulo katika misitu ya miombo upande wa mashariki yake, zimezoeana na mashine za kuchimba na kupakia kwa muda mrefu kuliko wageni wengi wanavyodhani. Utafiti wa nikeli ya Kabanga ulifanywa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ukapita katika mikono ya kampuni moja baada ya nyingine, mpaka Januari 2021 Serikali ya Tanzania ilipotia sahihi mkataba uliozaa kampuni ya Tembo Nickel. Mgodi wa Tulawaka, wilayani Biharamulo, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005, na mwaka 2013 ukaingia katika milki ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, ambalo huuendesha kwa jina la STAMIGOLD. Pale Rusumo, ambako maji ya Ruvubu yamekwisha kuungana na ya Kagera, daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa rasmi Aprili 2016, kisha ukafuata ujenzi wa mtambo wa umeme wa megawati 80, umeme ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana. Kazi za namna hii huleta mashine, na kazi zinapokwisha mashine hazifi pamoja nazo. Iliyochoka katika mradi mkubwa aghalabu huuzwa, ikaanza maisha ya pili kwa mkandarasi mdogo, ikimpakilia mchanga, kokoto na matofali. Na maisha hayo ya pili, ambayo hayana karakana yenye sakafu ya saruji wala stoo ya vipuri, ndiyo yanayoangukia mikononi mwa fundi wa gereji ya kando ya barabara. Kwa ajili ya fundi huyo naandika.

Adui wake wa kwanza ni udongo. Ardhi ya huku ni nyekundu kwa wingi wa chuma kilichomo, na katika miezi ya kiangazi, tangu Juni hata Agosti, barabara zote zisizo na lami hutoa vumbi jepesi linaloingia mahali ambapo mtu hakudhani pana njia. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga zilizo ngumu kupita chuma cha kawaida, na nyingi katika hizo ni ndogo mno hata jicho haliwezi kuzitambua moja moja, kwa maana jicho la mwanadamu hushindwa karibu na mikroni 40, ilhali chembe ya mikroni 10 yatosha kabisa kuanza kusaga mdomo wa sili. Mvua zinapofika, vumbi lile lile hugeuka tope linaloganda juu ya rodi ya jeki, likakauka jua litokapo, na mara rodi inaporudi ndani hulichukua pamoja nayo.

Na mashine yenyewe ninayoizungumzia huchochea vumbi kuliko mashine nyingine. Ilibuniwa Marekani, katika jimbo la Minnesota, mwaka 1957, na ndugu wawili mafundi, Cyril na Louis Keller, kwa ajili ya mfugaji wa bata mzinga aliyetaka kitu kidogo cha kuzolea samadi ndani ya banda lenye nguzo nyingi. Ya kwanza ilikuwa na magurudumu matatu. Yenye manne ilitoka mwaka 1960 katika kiwanda cha Melroe, na jina la Bobcat likafuata mwaka 1962. Magurudumu yake hayapindi. Dereva akitaka kugeuka huyatuliza ya upande mmoja na kuyaendesha ya upande wa pili, mashine ikajisokota papo hapo kwa kuburuza matairi juu ya ardhi. Katika banda la bata mzinga tabia hiyo ni fadhila; katika kiwanja cha ujenzi cha Nyakahura au Rulenge mwezi wa Agosti, kila mgeuko huinua wingu jekundu, na jeki za kuinulia na za kupindulia baketi zimo katikati ya wingu hilo.

Sasa tuitazame jeki yenyewe. Mwanachuoni wa Kifaransa wa karne ya 17, Blaise Pascal, alithibitisha kwamba shinikizo likitiwa katika kimiminika kilichofungiwa husambaa kila upande kwa kadiri moja. Juu ya kanuni hiyo Mwingereza Joseph Bramah alijenga mtambo wa kushindilia kwa nguvu ya maji, akapewa hataza yake mwaka 1795; lakini mtambo huo ungebaki wazo tupu kama asingepatikana mtu wa kuzuia maji yasipenye kando ya pistoni. Sifa ya dawa hiyo hupewa Henry Maudslay, fundi kijana aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya Bramah. Alichukua ngozi akaipinda iwe na mdomo, na mdomo huo akauelekeza upande wa maji yenye shinikizo. Hapo maji yakisukuma hayapati njia, bali huupanua mdomo wa ngozi na kuubana juu ya chuma, na kadiri yanavyosukuma kwa nguvu zaidi ndivyo yanavyojifungia zaidi. Mimi huiona fikra hii kuwa miongoni mwa fikra njema kabisa katika ufundi wote, kwa sababu nguvu ya adui imefanywa mlinzi wa lango. Ngozi imepita, zikaja sili za mpira wa naitrili na za poliurethani. Mwaka 1939 mzaliwa wa Denmaki, Niels Christensen, alipata nchini Marekani hataza ya pete ya mviringo tunayoiita oringi. Lakini mdomo ule wa Maudslay bado umo katika jeki ya leo, na upande unaoelekea ndio swali la kwanza la mtu anayeweka sili mpya.

Ili kuonyesha uzito wa kazi iliyotwikwa pete hizo, na tufanye hesabu. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 64 ina eneo la sentimita za mraba 32 hivi. Shinikizo katika mashine ya namna hii hufika kiasi cha bar 200, yaani karibu kilo 200 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Zidisha, utapata kani ya zaidi ya tani 6 kwa jeki moja, na jeki za kuinulia ni mbili. Kani yote hiyo imezuiwa na ukingo wa sili mwembamba unaoteleza juu ya chuma kilichopakwa kromu ngumu, na unene wa kromu hiyo aghalabu ni sehemu mbili au tatu tu za milimita moja iliyogawanywa mara mia.

Jeki ina ulinzi wa safu tatu. Ya nje kabisa, kwenye kichwa cha jeki ambamo rodi hutokea, ni sili ya vumbi, ambayo haizuii oili hata kidogo. Kazi yake ni kuipangusa rodi kila inaporudi ndani. Nyuma yake ipo sili ya rodi, ndiyo izuiayo oili isitoke nje. Ndani kabisa, juu ya pistoni, ipo sili ya pistoni, itenganishayo oili ya upande huu na ya upande ule. Kati ya hizo huwekwa pete ngumu za kuongozea, ambazo huzuia chuma kisisuguane na chuma. Watu hudharau sili ya vumbi kwa kuwa haina shinikizo la kuzuia, na bei yake ni ndogo. Katika nchi ya vumbi jekundu hiyo ndiyo bora ya zote: ikipasuka leo, sili ya rodi iliyo nyuma yake imekwisha kuhukumiwa, na baada yake oili yote ya mashine, kwa maana oili ni moja, na mchanga ulioingia kwa jeki ya kushoto huzunguka tangini, pampuni na katika valvu, ukazuru kila jeki iliyobaki.

Kutambua sili ya rodi iliyoharibika hakuhitaji elimu. Rodi hulowa, vumbi hushika juu ya ule ulowevu na kufanya kola nyeusi, na oili hudondoka. Unyevu mwembamba usiofanya tone ni halali, kwa sababu sili isiyoacha utando wowote wa oili hukaukiwa na kuungua. Utambuzi mgumu ni wa sili ya pistoni, na hapa nitakawia kidogo, maana makosa mengi hufanyika hapa.

Mashine inapoinua mzigo kisha mkono ukateremka polepole wenyewe, karibu kila mtu husema: sili ya pistoni imekufa. Jeki hufunguliwa, sili hubadilishwa, mashine huunganishwa upya, na mkono hushuka vile vile. Sababu yafaa ifahamike. Mkono ushukapo rodi huingia ndani ya jeki, na rodi ni chuma kinachodai nafasi yake. Ikiwa valvu imefunga njia zote mbili sawasawa, oili haina pa kutokea, na kwa kuwa oili karibu haisongeki, rodi haiwezi kuingia hata kama sili ya pistoni haipo kabisa. Kitakachotokea ni kwamba shinikizo litasawazika pande zote mbili za pistoni na kupanda, maana mzigo sasa utabebwa na eneo la rodi peke yake. Kwa pistoni ya milimita 64 na rodi ya milimita 38, shinikizo hupanda karibu mara tatu. Basi mkono unaoteremka ni lazima uwe na mahali ambapo oili inaponyoka nje ya jeki, na aghalabu mahali hapo ni katika valvu. Sili mbovu ya pistoni yaweza kumsaidia mwizi kwa kupandisha shinikizo hilo, lakini mlango wa nje uko kwingine. Alama iliyo ya sili ya pistoni yenyewe ni ile ya mkono unaoinuka kwa uvivu, na wenye kushindwa mzigo uliokuwa ukiubeba zamani, hasa oili ikipata joto.

Na ipo jarabati isiyodanganya. Mikono iteremshwe mpaka chini kabisa, jeki ikiwa imejikunja yote. Injini izimwe na shinikizo litolewe. Hozi ya upande wa nyuma wa pistoni ifunguliwe, na mdomo wake uzibwe kwa kizibo cha chuma cha hesi zake. Kisha injini iwashwe, na dereva avute kisukani cha kuteremsha, ilhali wengine wote wamesimama mbali. Pistoni haiwezi kwenda popote. Kama oili itatoka kwa mfululizo katika tundu lililoachwa wazi, imepita juu ya pistoni, na sili yake ina hatia. Kama tundu litabaki kavu baada ya matone ya mwanzo, mwacheni huyo, mkatafute katika valvu. Muda unaotumika katika jarabati hii ni mdogo, na huepusha gharama ya safari nzima ya kuagiza vipuri visivyohitajika.

Kabla ya kufungua chochote, hadhari. Watu hufa chini ya mikono ya vijiko hivi, na hufa kwa sababu waliuamini mkono ulioinuliwa kwa oili. Usifanye kazi chini ya mkono ulioinuliwa bila kuweka ile nguzo ya chuma ambayo kiwanda kimeiweka kwa kazi hiyo. Gogo la mti si badala yake, wala jiwe. Injini ikishazimwa, visukani visukumwe kila upande ili shinikizo lililobaki lipate kutoka. Na mtu asitafute kamwe uvujaji kwa kupitisha mkono juu ya hozi: oili itokayo kwa shinikizo katika tundu lisiloonekana hupenya ngozi na kuingia katika nyama, na jeraha lake la nje huwa dogo, pengine bila maumivu makali saa ya kwanza, hata mtu akalidharau. Jeraha hilo ni la kupelekwa hospitali saa ile ile na kuelezwa kwa daktari kwamba ni oili ya shinikizo iliyoingia, kwa sababu akichelewa aweza kupoteza mkono. Kipande cha boksi kilichoshikwa kwa mbali ndicho kitumike kutafutia.

Kazi ianze kwa maji na sabuni. Jeki ioshwe ingali katika mashine, hasa kwenye kichwa chake na kwenye viungo vya hozi, mpaka rangi ya kiwanda ionekane, kisha ikauke. Nimeona kwamba hapa ndipo mafundi wawili wenye spana sawa hutofautiana: mmoja huosha kabla, na mwingine hupangusa baadaye. Hozi zikifunguliwa zizibwe papo hapo kwa vizibo, au zifungwe kwa plastiki safi, wala si kwa kitambaa, maana kitambaa huacha nyuzi. Jeki ikitolewa pini zake isifunguliwe uwanjani penye upepo. Chumba chochote chenye mlango kinachoweza kufagiwa na kunyunyiziwa maji sakafuni kinafaa kupita kivuli kizuri kuliko vyote cha mwembe.

Jeki ikae katika jiliwa, imeshikwa kwenye jicho lake la nyuma, kwa maana bomba likibanwa hupoteza duara lake. Kichwa hufunguliwa kwa spana ya pini. Kupiga kwa tindo na nyundo ni desturi iliyoenea, na kila kichwa chenye makovu ya tindo ni ushahidi wa fundi aliyepita. Rodi ivutwe kwa unyofu, oili ikingwe katika chombo. Nati ya pistoni hukazwa kwa nguvu kubwa na mara nyingi hupakwa gundi ya hesi, basi yahitaji spana ndefu na pengine joto, na joto likitumika sili zote ziwe zimeondolewa karibu yake kwanza.

Sili za zamani zitolewe kwa kijiti cha mbao ngumu au cha shaba, si kwa bisibisi, ambayo mkwaruzo wake katika mfuo utavujisha sili mpya tangu siku ya kwanza. Na kabla ya kuzitoa, andika au piga picha kila mdomo ulikuwa unaelekea wapi. Kisha uzipange mezani kwa utaratibu wake, uzisome. Sili yenye mikwaruzo myembamba kuzunguka mdomo wote imekufa kwa vumbi, na hiyo yakuambia utazame sili ya vumbi na filta. Iliyolika upande mmoja na kubaki nzima upande wa pili inashitaki pini na bushi zilizochakaa, ambazo zimeifanya rodi isukume kwa mshazari, au rodi iliyopinda. Iliyokuwa ngumu na yenye nyufa, isiyokunjika, imepikwa: oili imepata joto kupita kiasi, pengine kwa rejeta iliyoziba majani na vumbi, jambo la kawaida kabisa huku. Iliyovimba na kulainika imetiwa oili isiyo yake. Yenye ukingo ulioungua na kumeguka vipande vidogo imeumizwa na hewa iliyokuwa ndani ya jeki, nami nitalirudia jambo hilo. Poliurethani iliyogeuka kuwa dhaifu, yenye kumeguka kwa ukucha, mara nyingi imekaa katika oili yenye maji, na maji huingia kupitia kifuniko cha tangi kilichopotea na kubadilishwa kwa plastiki na kamba.

Rodi nayo ichunguzwe kwa kupitisha ukucha. Mkwaruzo ambao ukucha haushiki waweza kulainishwa kwa msasa mwembamba uliotiwa oili, kwa kuzungusha na wala si kwa kuvuta urefuni. Kromu iliyobanduka au kutoboka kwa kutu haina dawa ya gereji. Hapo rodi ipelekwe kwenye karakana ya kuchonga vyuma ikafanyiwe upya, au inunuliwe nyingine, kwani kuweka sili mpya juu ya kromu iliyotoboka ni kuisaga kwa makusudi. Kutu hiyo ingeweza kuzuiwa kwa desturi isiyo na gharama, ya kulaza mashine kila jioni jeki zikiwa zimejikunja, hasa katika masika.

Kisha laja suala la vipimo na umbali. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ngara, na hata Mwanza au Kahama si mahali pa kwenda na kurudi kwa ajili ya pete moja iliyokosewa. Basi fundi apime kwa kalipa kipenyo cha bomba, kipenyo cha rodi, na upana na kina cha kila mfuo, akipima chuma na si sili iliyokufa, kwa kuwa sili iliyochakaa au kuvimba hudanganya. Na afahamu kwamba mashine nyingi za Marekani zimeundwa kwa inchi. Bomba la inchi 2 na nusu ni milimita 63.5, na mwenye duka asiyejua atampa sili ya milimita 63, ambayo machoni ni ile ile, mkononi ni ile ile, lakini nusu ile ya milimita yatosha kuivujisha kabla mwezi haujaandama. Atume namba ya mashine iliyogongwa kwenye kibati cha fremu, na vipimo vyote, na aagize seti nzima.

Wapo mafundi ambao, kipuri kikichelewa, hukata pete kutoka katika mpira wa tairi. Siwalaumu kwa kutaka mashine ifanye kazi, kwa maana mwenye mashine amesimama juu yao na vibarua wamekaa bila ujira. Lakini mpira wa tairi haukuumbwa kukaa katika oili: huvimba, hulainika, na vipande vyake husafiri mpaka katika valvu, ambayo bei yake hupita ya seti nyingi za sili. Mwenye mashine anayemharakisha fundi hufaa aelezwe hesabu hiyo kwa upole, kabla ya kazi kuanza.

Uwekaji wenyewe wataka subira. Sili mpya zitiwe katika oili safi ya haidroliki iliyopashwa joto kiasi cha mkono kuvumilia, zipate kulainika. Sili ya rodi hukunjwa kwa vidole iwe na umbo la punje ya haragwe, ikaingizwa katika mfuo wake, kisha ikaachiwa ijikunjue. Mdomo wake uelekee ndani, kwenye shinikizo, na mdomo wa sili ya vumbi uelekee nje, kwenye vumbi. Hesi za rodi zifunikwe kwa utepe kabla ya kichwa kuvishwa, maana makali yake hukata mdomo wa sili kwa kugusa mara moja tu, na jeraha hilo halionekani mpaka mashine imerudi kazini. Kila kitu kipakwe oili safi ile ile itakayofanya nayo kazi, wala si grisi iliyokuwa wazi rafuni. Pistoni ikiingia bombani isukumwe kwa unyofu; ikikataa, itolewe itazamwe, kwa sababu kukataa kwake kuna neno. Nati ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji.

Sasa niirudie hewa. Jeki iliyofunguliwa imejaa hewa, na hewa ikisongwa ghafla hupata joto kali, hata ule mvuke wa oili uliochanganyika nayo ukawaka humo ndani kama uwakavyo ndani ya injini ya dizeli, ukaunguza mdomo wa sili ambayo haijafanya kazi hata saa moja. Basi baada ya kuunganisha, injini iende polepole, baketi iwe tupu, na jeki ipelekwe na kurudishwa taratibu mara kadhaa bila kuigongesha mwisho, mpaka mkono uende pasipo kutetemeka. Tangi litazamwe tena na kujazwa, jeki zikiwa zimejikunja. Ndipo baketi ipewe mzigo wa kadiri, uinuliwe kidogo juu ya ardhi, na alama ya kalamu itiwe kwenye rodi mahali itokeapo. Baada ya robo saa alama hiyo itasema kama kazi imekubali.

Sili za rodi za jeki zote mbili za kuinulia zibadilishwe pamoja, hata kama ya upande mmoja bado haijadondosha, kwa kuwa zimekula vumbi moja kwa muda mmoja. Filta ya haidroliki ibadilishwe siku hiyo hiyo, na tena baada ya saa 50 za kazi, kwani uchafu uliolegezwa na ufunguzi haukamatwi wote kwa mara ya kwanza. Tarehe, saa za mashine, vipimo vya sili na sababu iliyosomwa katika zile za zamani viandikwe katika daftari la mashine, na sili za zamani zitiwe katika mfuko wenye tarehe, ili fundi atakayeifungua jeki hiyo mara nyingine, hata akiwa ni mwingine kabisa, apate kuzilinganisha na zile atakazozitoa.